Shujaa wetu ana kasi daraja la 10. Apige mara ngapi?

"Mwalimu, nina wachezaji watano hapa Nakuru, na kila Jumamosi mchana tunacheza mchezo wa kuigiza mashujaa mezani kwa dadu na karatasi, Mutants & Masterminds, toleo la tatu. Mimi ndiye msimamizi, ninayesimulia hadithi na kuamua sheria. Binamu yangu ana shujaa anaitwa Radi, kasi yake ni daraja la 10. Nimechora ramani ya mji kwenye karatasi ya manila, kila mraba sentimita mbili, na mraba mmoja ni futi tano, lakini Radi akisogea ramani haimtoshi. Kwa sababu ni mwepesi, huwa namruhusu apige mara nne kwa raundi, na wenzake wanabaki kutazama. Rafiki yangu aliyewahi kucheza Nairobi ananiambia spidi 6 maana yake ni zamu sita, kwa hivyo hata naona kama nampunja. Nimefikiria kumshusha hadi daraja la 5 awe nusu ya alivyo, lakini nilipomdokezea akanuna. Tena Jumamosi ijayo nimepanga mbio: mhalifu anaruka angani kutoka Nakuru hadi Kisumu kwa daraja la 8, Radi anamfuata kwa miguu. Nitahesabuje nani atafika kwanza?"

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli. Umeuliza kuhusu mbio za kwenda Kisumu, na nitakujibu, lakini kinachokunyima usingizi naona ni kile ulichokipitia haraka: wenzake wanabaki kutazama. Tuanze hapo.

Nalijua kosa hilo kwa sababu nililifanya mwenyewe hapa Kisumu. Shujaa mmoja wa mbio alikuwa akiwafyeka majambazi pale Kondele, nami kwa utamu wa hadithi nikamwacha aendelee: huyu, na yule, na wa tatu kwenye ngazi. Mchezaji mwenye shujaa wa mawe aliinuka, akatoka kununua mandazi, akarudi, akala mawili, na zamu yake ilikuwa bado haijafika. Hakulalamika. Juma lililofuata hakuja.

Nilichokuwa sijaelewa siku ile ni kwamba neno "spidi" mezani limebebeshwa mizigo minne, na kila mzigo una bei yake kwenye karatasi ya mhusika, ile yenye namba za uwezo wa shujaa. Kuna mwendo, yaani umbali anaofika mtu kwa muda fulani. Kuna zamu, yaani mara anazoruhusiwa kutenda. Kuna kuwahi, nani aanze raundi. Na kuna kukwepa, ugumu wa kumpata ukimrushia kitu. Katika masimulizi ya mashujaa manne hayo huja pamoja: mtu wa mbio ni mwepesi kwa kila kitu. Katika sheria za mchezo unaoucheza, yametenganishwa makusudi. Radi amenunua kasi daraja la 10, kwa hivyo amenunua mwendo peke yake. Kuwahi kunatokana na wepesi wake wa mwili, na akitaka zaidi kuna kipaji kinachomwongezea 4 kwenye dadu ya kuanza. Kukwepa ana namba yake, nayo imewekewa kikomo pamoja na ugumu wa mwili: katika mchezo wa kiwango cha 10, yaani kikomo cha nguvu mlichokubaliana mezani, kukwepa ukijumlisha na ugumu haviruhusiwi kupita 20. Na zamu? Zamu ni ile ile moja ya kila mtu: tendo kuu moja na tendo la mwendo moja kwa raundi ya sekunde 6. Tendo kuu anaweza kulibadilisha liwe mwendo wa pili. Mwendo hawezi kuubadilisha uwe kipigo cha pili.

Kwa hivyo jibu la kichwa cha habari ni mara moja.

Najua binamu yako ataruka. "Mtu anayekimbia mara tatu ya sauti anapigaje ngumi moja kwa sekunde sita?" Swali zuri, na usilijibu kwa fizikia, maana fizikia itawafunga nyote wawili. Mtu wa mwendo huo akigeuka kona pale Kenyatta Avenue upepo wake tu ungeng'oa mabati ya vibanda, na viatu vyake visingefika ng'ambo ya barabara. Mchezo unafumbia macho hayo yote ili Radi awepo. Anapofumbiwa macho upande mmoja, asidai fizikia upande wa pili. Jibu la kumpa ni la bei. Kasi daraja la 10 imemgharimu pointi 10 kati ya 150 za kuunda shujaa alizoanza nazo. Shambulio la daraja la 10 linalofagia eneo zima, kila aliye ndani ya futi 30 kutoka katikati, bei yake ni pointi 20. Sasa tazama ulichokuwa ukifanya: ulikuwa ukimpa bure, kila raundi, kitu kinachozidi kile ambacho mwenzake angelazimika kulipia pointi 20. Hukumpunja hata kidogo. Ulikuwa ukimpa mkopo usiolipwa, na wanaoulipia ni wale wanne.

Kuhusu rafiki yako wa Nairobi, hakukudanganya. Amekupa sheria ya nyumba nyingine. Kuna mchezo wa zamani kuliko huu, Champions, uliotoka mwaka wa 1981, na mfumo wake hadi leo unaitwa HERO. Huko, spidi ni namba ya zamu kwelikweli. Muda umegawanywa katika mafungu ya sekunde 12, na kuna chati inayosema nani anatenda sekunde ipi. Mwenye spidi 2 hutenda sekunde ya 6 na ya 12. Mwenye 3 hutenda ya 4, ya 8 na ya 12. Mwenye 6 hutenda ya 2, ya 4, ya 6, ya 8, ya 10 na ya 12. Mwendo wako wa mita ni namba nyingine kabisa, nao ni umbali wa kila zamu. Ndiyo maana mtu aliyelelewa huko akisikia "spidi 6" anaona zamu sita, na wewe ukiona "kasi 10" unaona jedwali la umbali. Mnatamka neno moja na kila mmoja ana kitu chake kichwani.

Mfumo huo nao una mtego wake, na inafaa uujue kabla hujaanza kuutamani. Katika toleo la sita la HERO mtu wa kawaida huanza na mita 12 za kukimbia na spidi 2. Yaani mita 24 kwa sekunde 12, kilomita 7 na kidogo kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi matatu ya mwisho. Mpandishe spidi hadi 6 bila kumgusa miguu: sasa anakwenda mita 72 kwa sekunde 12, sawa na kilomita 21.6 kwa saa. Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya marathoni kule Chicago mwaka wa 2023, saa 2 na sekunde 35, wastani wake ulikuwa kilomita 21 kwa saa. Kwa hiyo mtu uliyemwongezea zamu tu, labda kwa sababu ni bingwa wa karate, umemgeuza mwanariadha wa dunia bila kukusudia, na bado hujamhesabia mbio za nje ya vita, ambazo huko huzidisha mwendo mara mbili. Wasimamizi wengi wa mfumo huo hushangaa mzee wa ngumi akimwacha nyuma mwenye baiskeli. Sababu ni hiyo.

Nirudi kwenye meza yako, kwenye kile kipengele cha kumshusha hadi daraja la 5 "awe nusu". Hapa nitakuomba uvumilie, kwa sababu nafundisha hisabati na hapa ndipo mchezo wenyewe ulipo.

Madaraja haya hayajumlishwi kama shilingi. Kila daraja ni mara mbili ya lililo chini yake. Daraja la 0 ni futi 30 kwa raundi, karibu mita 9 kwa sekunde 6, mwendo wa mtu anayetembea. La 1 ni futi 60. La 2 ni futi 120. La 3 limesawazishwa kuwa 250, la 4 kuwa 500, la 5 kuwa 900, la 6 ni 1,800, la 7 nusu maili, la 8 maili moja, la 9 maili mbili, la 10 maili nne. Ukitaka Radi awe nusu ya alivyo, mshushe daraja moja tu, hadi la 9. Ukimpeleka la 5 umemfanya sehemu ya ishirini na kitu ya alivyokuwa. Si ajabu akanuna. Ni kama mtu umwambie utamkata nusu ya mshahara, halafu umwachie nauli.

Waliounda mchezo walikuwa na sababu. Ulipokuwa shule ya upili ulitumia kile kitabu cha majedwali ya hisabati, ukatafuta logi za namba mbili, ukazijumlisha, ukarudi kinyume, na kuzidisha kukawa kujumlisha. Hapa ni vile vile. Mchezo wa mashujaa lazima uwe na mahali pa bibi anayetembea na mahali pa mtu anayekwenda mwezini, kwenye karatasi moja. Ukitumia namba za kawaida, mmoja atakuwa na 9 na mwingine atakuwa na mamilioni, na dadu ya pande 20 haitakuwa na maana kwa yeyote kati yao. Ukitumia madaraja, mmoja ana 0 na mwingine ana 20, na wote wanaweza kukaa meza moja.

Ili namba hizo zisibaki hewani, ziweke barabarani. Matatu inayotii kidhibiti mwendo, kilomita 80 kwa saa, inakwenda mita 133 kwa raundi. Daraja la 4 ni mita 152, kwa hivyo hiyo ni daraja la 4 kasoro. Mwanariadha Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Septemba 2021, wastani wake ulikuwa mita 61 kwa kila sekunde 6: katikati ya daraja la 2 na la 3. Mtu wa kawaida kwenye mchezo wako, mwenye daraja la 0, akitumia matendo yote mawili kukimbia na akafaulu dadu ya riadha inayompandisha daraja moja, anafika futi 120, mita 36 na nusu. Kiptum alikuwa akienda mita 35 kwa kila sekunde 6, ila yeye alifanya hivyo kwa saa mbili. Na Radi? Maili nne kwa raundi ni zaidi ya kilomita moja kila sekunde, mara tatu ya mwendo wa sauti.

Sasa ipige hesabu karatasi yako ya manila. Maili nne ni futi 21,120. Kwa futi tano kila mraba, hiyo ni miraba 4,224. Kwa sentimita mbili kila mraba, unahitaji karatasi ya urefu wa mita 84, na hiyo ni zamu moja. Hakuna sebule Nakuru itakayoitosha. Kwa shujaa wa daraja la 3 au la 4 miraba bado inafaa. Kupita hapo, itupe. Mimi huchora duara chache zenye majina: stendi, paa la soko, barabara, uchochoro. Vifuniko vya soda ndio wahusika. Mtu wa daraja la 0 husogea duara moja kwa zamu, mwenye la 2 au la 3 husogea mbili au tatu, na Radi hufika duara lolote alitakalo. Hakuna kuhesabu. Utaona jambo la kushangaza hapo: ndani ya vita, tofauti ya daraja la 6 na daraja la 10 karibu haipo. Vita vingi huwa mahali pa ukubwa wa uwanja wa mpira, na ukishaweza kuuvuka uwanja kwa zamu moja, maili zilizobaki ni za bure. Kwa hiyo hata ungemshusha hadi la 5 kama ulivyotaka, Jumamosi yako ingekuwa vile vile. Daraja lake halikuwa na hatia. Ni vile vipigo vinne.

Tuje kwenye mbio. Kanuni ni fupi: daraja la umbali, ukitoa daraja la kasi, unabaki na daraja la muda. Kutoka Nakuru hadi Kisumu kwa barabara, kupitia Mau Summit, Kericho na Ahero, ni kilomita 185 hivi, maili 115. Kwenye jedwali la umbali, maili 120 ni daraja la 15. Mhalifu: 15 toa 8 ni 7, na daraja la 7 la muda ni dakika 15. Radi: 15 toa 10 ni 5, yaani dakika 4. Ukimtaka mtu wa kawaida: 15 toa 0 ni 15, siku mbili, na kweli mtu akiutembea ule mteremko wa Kericho bila gari atazimaliza.

Utaniambia mhalifu anaruka, hafuati barabara. Kweli, kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 150. Lakini hizo ni maili 93, na jedwali halina kitu kati ya 60 na 120, kwa hivyo unabaki na 15. Jedwali hili lina macho ya mbali. Vitu vidogo halivioni. Siku ukitaka ukali zaidi, chukua simu upige hesabu: daraja la 8 limeandikwa maili 500 kwa saa, karibu kilomita 800, na kilomita 150 kwa mwendo huo ni dakika 11. Radi, maili 2,000 kwa saa, kilomita 185 ni dakika tatu na nusu.

Hapo mchezaji mjanja atakukamata, kwa hivyo nikuonye. Maili moja kwa sekunde 6 ni maili 600 kwa saa, si 500. Je, kitabu kimekosea? Hapana, kimesawazisha. Ndani ya saa moja kuna raundi 600, lakini jedwali linaihesabu saa kuwa madaraja tisa juu ya raundi, na mbili tisa zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe ni 512. Baadhi ya madaraja yamesawazishwa kidogo ili namba ziwe za kukumbukika, na vipande hivyo vikirundikana unapata pengo. Kwenye madaraja ya chini pengo ni kubwa zaidi. Dawa ni kuchagua: kwenye vita tumia namba za raundi, kwenye safari tumia za saa, na usizichanganye katika tukio moja. Ukiulizwa, sema wewe ndiye msimamizi na chai inapoa.

Umeona tatizo la mbio zako? Hakuna mbio. Madaraja mawili ni mara nne, na barabara ikiwa wazi Radi ameshafika, amekula samaki Dunga, anamsubiri. Dadu hata haina kazi. Kama unataka moyo udunde, mpe mhalifu dakika 10 za kutangulia. Radi amefungiwa mahali, wenzake wanamfungua. Akitoka dakika ya 10 atafika dakika ya 14, mhalifu dakika ya 15. Dakika moja tu! Sasa kila kitu kinachomchelewesha kina uzito: lori lililolala Salgaa, mtoto aliyeanguka Awasi, ukungu wa Londiani. Sheria pia zinamruhusu kujikamua: apande hadi daraja la 11 kwa raundi moja, kisha achoke. Usimruhusu ajikamue njia nzima, kwa sababu kuchoka kunarundikana na atafika Kisumu akitambaa. Na wale wengine wanne wasiwe abiria. Ndio waliomfungua, na mmoja wao yuko kwenye simu na mtu aliye Kisumu. Safari ya dakika nne isimulie kwa dakika nne, halafu mrudishie kila mtu kazi yake.

Bado hujaniuliza ufanye nini na binamu, lakini ndilo gumu kuliko jedwali. Nakuona una njia tatu, na nitakuambia ninavyoziona kila moja. Ya kwanza ni kurudi kwenye sheria: kipigo kimoja, kasi ibaki 10. Ni ya haki na haigharimu kitu, ila ukiitangaza ghafla mezani ataona umemvizia. Ya pili ni kumuuzia anachotaka. Mtazame karatasini: akiwa na nguvu nyingine iliyomgharimu pointi 20 au zaidi, sheria zinamruhusu kuongeza umbo la pili la nguvu hiyo kwa pointi 1 tu, nalo likawa lile shambulio la kufagia eneo. Atumie hili au lile, si yote mawili kwa raundi moja. Hapo anawapiga majambazi sita kwa tendo moja, kihalali, nao wana nafasi ya kukwepa ili waumie nusu. Ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu inampa picha aliyokuwa nayo kichwani tangu mwanzo bila kuwaibia wenzake muda. Ya tatu ni kuhamia HERO, mahali ambapo zamu za ziada zinanunuliwa. Mnaweza, ila mtajifunza chati ya sekunde 12 na hesabu ndefu za kuunda wahusika, na ile shida ya mtu mwenye zamu nyingi kuliko wenzake haiondoki. Inapewa leseni tu. Kundi la watu watano wanaocheza Jumamosi mchana, nisingelipeleka huko kwa ajili ya mchezaji mmoja.

Kuna kitu ambacho mimi kwa barua siwezi kukufanyia. Sijaiona karatasi ya Radi, na mara nyingi tatizo hujificha pale: kipaji kimehesabiwa mara mbili, au kikomo kimepitwa kwa pointi tatu bila mtu kugundua. Ukipata mtu aliyesimamia mchezo huu mwaka mzima au zaidi, kaa naye jioni moja, umpe karatasi zote tano azipitie kwa kalamu. Bora zaidi, mwombe asimamie kipindi kimoja wewe ukikaa kama mchezaji. Utajifunza mengi kwa saa tatu kuliko kwa barua zangu kumi. Na binamu yako usimwambie kwa simu wala mbele ya wenzake. Nenda kwao katikati ya wiki, mkae, mwambie wazi: nilikosea kukupa vipigo vinne, kosa ni langu, na hivi ndivyo nataka turekebishe. Akikataa kabisa, na ukiona ugomvi umeanza kupita mezani hadi kwenye sherehe za familia, acheni mchezo kwa majuma machache. Mtafute mtu mmoja mnayemheshimu nyote wawili, hata kama hajui dadu ni nini, awasikilize.

Kuhusu mwisho wa mbio zako, nina ombi moja la mkazi wa huku. Usimtue mhalifu uwanja wa ndege, ni mahali papana na Radi atammaliza kwa raundi moja. Mtue Kibuye, Jumapili, siku soko limejaa hadi barabarani. Nyanya chini, mitumba juu, mikokoteni katikati, na watu bega kwa bega. Hapo mwambie binamu yako kwamba anaweza kwenda maili nne kwa sekunde sita, halafu muulize anapitia wapi.